Aliyekataa Kumwosha Baba

Alhamisi ile alasiri nilikuwa nachagua maharagwe mbele ya nyumba yetu, mtaani Cimpunda. Baba yangu, Papa Sefu, alikuwa anabishana na kaka yangu Idi kama kawaida yao. Baba alikuwa mwosha maiti wa mtaa na kiongozi wa zikri mazishini. Alimfundisha Idi kazi hiyo tangu ndevu hazijamwota. Lakini sasa Idi alimfuata mwalimu mgeni aliyehubiri kwamba zikri ya kupaza sauti ni ukafiri, na kafiri haoshwi wala hasaliwi.

"Wakhawariji unabajua?" baba akamwuliza. "Balikuwa batu ba sala sana. Kipaji cha uso kiliota sugu juu ya kusujudu. Khalifa alikubali kupatana na adui. Bakasema hukumu ni ya Mungu tu, yeye iko kafiri. Bakamuua."

"Papa, hiyo ni mambo ya zamani. Siye tunafata Kitabu tu."

"Nabo balisemaka vile."

Nilicheka. Mjinga mimi, nilidhani ni ubishi wa kusindikizia chai.

Kesho yake tulikuwa na maziko ya jirani. Baba alitangulia jeneza akiongoza zikri, sisi wanawake tukifuata kwa mbali. Karibu na makaburi, wafuasi wa mwalimu walikuwa wameziba njia, panga mikononi. Idi alisimama nyuma ya mwalimu wake. Idi mwenyewe hakushika kitu.

"Nyamaza, kafiri!" mmoja akapiga kelele.

Baba hakunyamaza.

Walimkata shingoni.

Mtaa ukawaka. Walichoma nyumba za watu wa zikri, na watu wetu wakachoma zao; hatukuwa malaika. Kisha askari wa Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali, wakaja na bunduki, wakafunga njia zote, wakapiga risasi bila kuuliza nani wa zikri na nani wa mwalimu.

Maman Nsimire, jirani yetu Mkatoliki, alinisaidia kumburuta baba mpaka nyumbani. Wanaume wa zikri walikuwa wamekimbia risasi, na waosha maiti wa mitaa mingine hawakuweza kupita. Idi alikuja, lakini alifuata nguo zake.

"Idi, mimi sijui. Nianzie wapi?"

"Kafiri habamuoshake."

"Iko papa yako!"

"Haiko papa yangu tena."

Akakaa mlangoni. Nilimwuliza tena, na tena. Basi nikaanzia miguuni. Maman Nsimire alimimina maji, nami nikasugua, nikalia, nikasugua. Idi alitazama mpaka nilipomaliza, ndipo akabeba nguo zake akaenda.

Miaka ilipita kabla bibi mmoja hajanieleza utaratibu: maiti hutawadhishwa kwanza, kisha huoshwa upande wa kuume, kisha kushoto. Maneno machache tu. Idi alikuwa nayo kinywani.

Yuko hai. Alimwacha mwalimu wake zamani, na siku hizi ndiye anayeongoza zikri mazishini. Watu humsifu kwa sauti yake nzuri. Mimi hunisalimu kwa adabu, na majirani huniambia nimsamehe, eti damu ni nzito kuliko maji. Huenda. Lakini baba aliingia kaburini ameoshwa kama sufuria, na aliyejua kumwosha alikuwa amekaa mlangoni, ananitazama.