Poda kwenye Injini

Kila nikisikia harufu ya oili inayoungua, kama leo hapa mtaani Wandegeya, hugeuka kutafuta gari inakotoka.

Nikiwa mtoto, uani kwetu mtaa wa Kibuli, baba alikuwa ameifuta injini ya gari lake kuukuu, akainyunyizia poda ya mama ili aone oili inapovujia.

"Nikipaona, napaziba, kesho naenda mbali, Arua, kutafuta kazi."

"Gari linapakwa poda kama bibi harusi!" mama alimtania, lakini mwenyewe hakucheka.

Injini ikanguruma. Baba alipokwenda kunawa, niliona poda imelowa na kuwa nyeusi chini ya kifuniko cha injini. Sikutaka aende. Nikapafunika kwa poda nyingine.

"Umeona kitu, mwanangu?"

"Hapana, baba."

Asubuhi aliondoka hivyo hivyo, dumu la oili ya kuongezea njiani limekaa kwenye kiti nilichozoea kukalia mimi.