Attracta, Askofu na Sululu wa Knockaweel

Kwenye kilima cha Knockaweel, magharibi mwa Ireland, hakuna asiyejua kwamba Attracta Gormley alikuwa hasemi na Malachy Feeney, wala Malachy Feeney hasemi na Attracta Gormley. Kila mmoja wao alisema na mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa Malachy, mweusi tii, mwenye ukosi mweupe shingoni. Kwa ajili ya ukosi huo, na kwa jinsi alivyopenda kuheshimiwa, akaitwa Askofu. Padri wa parokia hakulipenda jina hilo hata chembe, lakini mbwa alikuwa amekwisha kulizoea. Majirani hawa wawili walipokutana kwenye njia ya kupandia kilimani, Malachy alisimama, akamtazama mbwa na kusema, "Askofu, mwambie huyo mama lango lake la kondoo liko wazi." Attracta naye alimwinamia mbwa yuleyule akajibu, "Askofu, mwambie bwana wako ahsante. Na mwambie suruali yake imechanika nyuma." Askofu alitazama huku, akatazama kule, akatikisa mkia, kisha kila mtu akashika njia yake.

Chanzo cha yote kilikuwa jiwe.

Juu kule, mahali mteremko unapopumzika kidogo kabla ya kupanda tena, kuna mboji, ule udongo mweusi mzito wa majani yaliyooza ndani ya maji tangu kabla ya babu wa babu zao. Hukatwa vipande kama matofali, huanikwa, na ikikauka huchomwa jikoni badala ya kuni. Familia ya Gormley ina shimo lake la mboji na uwanja wake wa kuanikia, familia ya Feeney vivyo hivyo, na katikati lipo jiwe jeupe la mpaka. Sasa jioni moja, baa ikiwa imejaa, Malachy alisema kwa sauti kwamba jiwe lile limesogea, na kwamba yeye hajapata kuona jiwe lenye miguu. Hakutaja jina la mtu, na hakuwa na haja ya kulitaja. Attracta, ambaye hajachukua hata yai la jirani tangu azaliwe, aliweka glasi yake chini, akavaa koti, akatoka. Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita.

Lakini msimwonee huruma Attracta, maana hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Umri wake ulikuwa umepita sitini, aliishi peke yake tangu kaka yake Fintan afariki, na kila asubuhi isiyo na mvua (na nyingi zenye mvua) alikuwa kilimani na koleo lake begani, akisalimiana na kila alichokikuta. Alimsalimu ndege kekeo aliyeimba bila kuonekana. Aliwasalimu vyura mitaroni. Kuna kijimea kidogo chekundu kinachoota kwenye maji ya mboji, chenye majani yanayonata, ambacho hunasa visubi na kuwala. Hicho ndicho kilichokuwa rafiki yake mkubwa, kwa sababu visubi wa Knockaweel wana wazimu, wanamla mtu akiwa hai. "Kula, mwanangu," alikiambia, akijikuna shingo. "Kula ushibe, uniachie damu yangu." Mwezi wa Mei, vishungi vyeupe vya nyasi ziitwazo pamba ya kinamasi vinapotikisika mteremko mzima na ndege kipozamataza anapopanda hewani akiimba mpaka anakuwa nukta, Attracta alijiona tajiri kuliko mtu yeyote aliyemfahamu.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Alipokuwa mtoto, kilima hiki kilikuwa na sululu, wale ndege wa kahawia wenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda chini. Sauti yao huanza chini, pole pole, kisha hupanda, hutetemeka, ikabubujika kama maji yanayochemka. Mama yake alikuwa akiacha kukanda unga ili asikilize. Halafu mwaka baada ya mwaka wakapungua, na sasa miaka mingi ilikuwa imepita bila hata mmoja kutaga Knockaweel. Attracta hakuwa amemwambia mtu, lakini kila Mei alipopanda kilimani alikuwa akitega sikio.

Mei ile aliisikia sauti. Alikuwa ndani ya shimo, maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, anakata tofali la mwisho la safu. Sauti ilitoka nyuma yake, ikapanda, ikabubujika. Alisimama pale kama aliyepigiliwa misumari, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Alipochungulia juu ya ukingo alimwona sululu anashuka, anatembea kwa maringo katikati ya nyasi, kisha anajikunja na kuketi. Baadaye ndege alipoondoka kwenda kula, Attracta alitambaa kwa magoti akatazama. Mayai manne ya kijani yenye madoa, ncha zote zimeelekea ndani. Yalikuwa katikati kabisa ya uwanja wake wa kuanikia.

Furaha yake ilidumu mpaka alipogeuka na kuona matofali aliyoyakata. Mboji mbichi haingoji. Ikiachwa imerundikwa kando ya shimo haikauki, na baridi ya Knockaweel si ya kukaa na jiko tupu. Akiyaanika uwanjani mwake, atakuwa akipita na toroli mbele ya ndege kutwa nzima, na ndege ataacha mayai aende zake, pengine asirudi tena maisha ya Attracta yote. Uwanja mwingine uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ng'ambo ya jiwe. Na kilimani pale hakuna mtu anayetia mguu kwenye uwanja wa mwenzake bila kuomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Jioni wifi yake Dympna, mke wa kaka yake mwingine, alimletea mkate wa magadi ukiwa bado moto, akamkuta anazunguka meza.

"Si uende ukamwombe," Dympna alisema, akijipakia siagi kwenye mkate alioleta mwenyewe.

"Mimi? Nimwombe yule?"

"Basi kamwombe sululu ahame."

"Wifi, usinichekeshe. Aliniita mwizi mbele ya baa nzima."

"Najua. Umenisimulia kila Krismasi." Dympna alilamba kidole. "Haya niambie, kipi kizito zaidi, ile aibu au yale mayai manne? Maana naona umebeba vyote viwili na meza imechoka kuzungukwa."

Attracta alimfukuza kwa taulo ya jikoni. Usiku huo alilala akijua kwamba Dympna amesema kweli, jambo ambalo halikumfurahisha.

Asubuhi alipanda mpaka kwenye jiwe. Malachy alikuwa upande wake, ameketi juu ya toroli lililopinduliwa, anakula mkate na nyama ya nguruwe. Askofu alikuwa miguuni pake.

"Askofu," Attracta alianza, akakohoa. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. "Mwulize bwana wako kama... kama mwaka huu naweza kuanika mboji yangu kwake."

Malachy alitafuna pole pole. "Askofu, mwulize mama, uwanja wake umefanya nini? Umeota meno?"

"Mwambie una sululu."

Malachy aliacha kutafuna. "Sululu gani?" Kisha akakumbuka, akamgeukia mbwa haraka. "Mwulize, sululu gani?"

"Wa mayai manne."

Na ndege, kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi, akalia. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikabubujika juu ya vichwa vyao. Malachy alivua kofia kama mtu aliye kanisani, na hakuirudisha mpaka kimya kiliporudi.

"Askofu," alisema, "mwambie mama aanike. Uwanja ni wake. Aanike mpaka pale atakapochoka."

"Mwambie nashukuru. Na Askofu, mwambie na hili pia. Mbwa asionekane huku mpaka vifaranga wakue. Akufunge nyumbani."

Askofu alitikisa mkia kwa moyo mweupe kabisa. Sijui kama kuna kiumbe mwingine aliyewahi kukabidhiwa hukumu yake mwenyewe akaipokea kwa furaha namna ile.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipoanza, ambalo hakuna kati yao aliyelifikiria. Kesho yake walikuwa wawili kwenye uwanja mmoja, kutwa nzima, na mtu wa kusema naye hayupo. Asubuhi ya kwanza walifanya kazi kimya, kila mmoja akitazama matofali yake kana kwamba yangetoroka. Kwenye saa ya chai Malachy hakuweza kuvumilia tena.

"Birika," aliliambia birika, "chai ipo ya kutosha watu wawili."

Attracta alikuwa amekabwa na kicheko. Alilitazama toroli. "Toroli, mwambie birika mimi natumia sukari mbili."

Wakaendelea hivyo. Koleo lilipewa salamu, jiwe likaulizwa habari za mvua. Kunguru walipokuja wakinyemelea mayai, Malachy aliwakimbiza akipunga kofia na kuwatukana matusi ambayo Askofu hakuwahi kuyasikia, na Attracta akamshangilia kwa kupiga makofi, maana makofi si maneno. Usiku alipolala aligundua kwamba anangoja kukuche. Hilo lilimuudhi kidogo, kisha likaacha kumuudhi.

Juni, siku moja ya jua la kweli, walikuwa wanasimamisha matofali. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya mboji: ikishapata ganda juu, unayasimamisha matofali matano matano yakiegemeana, ili upepo upite katikati. Malachy alikuwa anarudi kinyumenyume akivuta toroli lililojaa. Attracta aliinua kichwa kujifuta jasho. Nyuma ya kisigino cha Malachy, kwenye nyasi, aliona kitu kama kibonge cha sufu kilichowekwa juu ya miguu mirefu ya kuazima. Kilisimama. Kilishangaa dunia. Na buti la Malachy lilikuwa linashuka.

"Malachy! Simama!"

Malachy aliganda na mguu mmoja hewani. Toroli lilipinduka, matofali yakamwagika. Kifaranga kilipita chini ya buti bila haraka, kikifuatiwa na kingine, na kingine, na cha nne kilichojikwaa kwenye tofali kikainuka kama hakuna kilichotokea. Sululu wawili walikuwa juu wanapiga kelele za kuomba msaada. Vifaranga vyote vinne viliingia kwenye pamba ya kinamasi, wazazi wakatua nyuma yao, na nyasi zikafunga.

Malachy bado alikuwa kwa mguu mmoja.

"Unaweza kuuteremsha," Attracta alisema.

Aliuteremsha. "Umesema na mimi?"

"Nimesema na kifaranga."

"Kifaranga haitwi Malachy."

Malachy aliketi juu ya matofali yaliyomwagika, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Machi nilikuwa nazibua mfereji pale juu," alisema, "nikakuta nondo ya chuma ambayo baba yangu aliipigilia ardhini kando ya jiwe, zamani. Nondo imeshika mwamba chini, haijaondoka. Jiwe ndilo limeshuka. Ni kilima chenyewe, Attracta. Mboji inateremka na mvua, kidogo kidogo, ikalibeba. Hakuna mtu aliyeligusa."

Attracta alimkazia macho. "Tangu Machi unajua?"

"Nilikuja siku ileile. Nilikukuta njiani. Ukanipita bila kusimama. Basi nikamwambia Askofu. Nikamwambia, mwambie Attracta nilikosa, nilikosa sana, anisamehe au asinisamehe."

"Askofu hakuniambia."

"Hata mimi nilishangaa mbona kimya."

Alikasirika Attracta, tena kweli kweli, kwa muda wa kutosha mtu kupiga chafya. Kisha kicheko kilimpanda kutoka chini, pole pole, kikatetemeka, kikabubujika, mpaka akalazimika kukaa chini naye, kwenye yale matofali, kando ya mtu aliyekuwa hajakaa kando yake kwa miaka saba. Malachy alianza kucheka pia, akijifuta macho kwa kofia. Chai ilikuwa imepoa na wote wawili waliinywa hivyohivyo.

"Nimekusamehe," alisema baadaye. "Lakini suruali ile bado imechanika."

"Unaweza kushona?"

"Naweza. Sitaki."

Mwisho wa Julai vifaranga viliruka, vyote vinne, na sauti ikasikika mpaka jikoni kwa Dympna, ambaye aliacha kukanda unga akatoka nje. Siku hiyo Malachy alimfungua Askofu. Mbwa alipanda kilima mbio moja bila kupumzika, akawakuta wawili wale uwanjani wanabeba mboji iliyokauka, akaketi katikati yao mahali pake pa siku zote, masikio wima, tayari kutumwa.

Alimtazama Malachy. Malachy alikuwa anamweleza Attracta jambo kuhusu kondoo. Alimtazama Attracta. Attracta alikuwa anambishia Malachy. Askofu alitikisa mkia kuwakumbusha kwamba yupo, akangoja, akangoja tena, kisha akajilaza kwenye jua, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtuma.