Mke wa Shadia

Mchapaji wa steshenari yetu pale Mwanga hachapi kitu asichokisoma. Anashusha miwani hadi ncha ya pua na kuanza na ukurasa wa shukrani, midomo ikimcheza kama anatafuna karanga. Anasema hapo ndipo mtu anapojulikana kwao. Mwezi uliopita Shadia, binti wa chuo, alimletea flashi yenye utafiti wake kuhusu dagaa wa Kagunga. Mzee akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwanangu, mkeo hajambo?"

"Mke gani, mzee?"

"Huyu unayemshukuru kwa kukuvumilia miaka kumi na minane ya ndoa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kazi ilikuwa ya mwanamume mwingine: jina la juu Shadia alilibadilisha, shukrani alizisahau. Akachomoa flashi yake.

"Nenda Kagunga ukawaulize wanaoanika dagaa," mzee akamwambia kwa sauti ya chini. "Hata ukiandika vibaya, nitachapa."

Jana karudi na kurasa tisa, mwenyewe ananuka dagaa. Mzee akaanza na shukrani. Midomo ikacheza, ikacheza, ikasimama: "Namshukuru mzee wa steshenari, aliyemjulia hali mke wangu."