Sega Alilolikata Fundi Nzuki

Mjomba wangu Nzuki alikuwa fundi wa magari mjini Machakos kwa miaka thelathini na tatu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliendesha pikapu moja tu, Peju ya mwaka 1969. Injini yake alikuwa ameifungua na kuifunga mara zisizohesabika. Ilitoa moshi wa buluu. Kila asubuhi aliiwasha chini ya dirisha la chumba cha kulala na kuiacha ingurume mpaka amalize chai.

Mkewe, Syombua, alikuwa na kifua kibaya. Mwanzoni mwa mwaka 2006 daktari alimwambia waziwazi: moshi ule ukiendelea, itabidi ahame nyumba. Pa kuhamia palikuwa kwa dada yake, kijijini Kola, naye Syombua hakutaka. Kwenda kuishi kwa dada yako ukiwa na miaka hamsini na minane, alisema, ni kama kurudishwa kwenu.

"Uza hiyo gari, Baba Mumbua," alimwambia mumewe mezani.

"Hii gari ilikula chuma mara moja tu," Mjomba akajibu. "Mimi natengeneza, sinunui. Hao wa gari za kisasa wanabadilisha kila miaka mitano. Hicho chuma chote kinachimbwa wapi? Muulize msomi wetu."

Msomi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya mazingira na nilikaa kwao nikitafuta kazi. Nikasema, nikiangalia kikombe, kwamba hesabu yake haikuwa mbaya. Kuunda gari jipya nako kunachafua. Ila uchafu uliotoka kwenye bomba la Peju kwa siku moja, gari la kisasa lingehitaji wiki nyingi kuutoa.

"Mimi sipumui hesabu," Syombua akasema.

Mwezi wa Machi pikapu iliuzwa kwa mkulima wa Mitaboni. Syombua aliuliza kama huyo mkulima ana mke.

Akanunua gari dogo la Kijapani aina ya saluni, mtumba lakini safi. Kwa siku tatu ungeweza kusimama nyuma yake usinuse kitu. Siku ya nne Mjomba aliingia chini yake na msumeno.

Magari yale huja na kopo la chuma kwenye bomba la moshi, na ndani ya kopo kuna udongo mgumu wenye vitundu vidogo vidogo. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Mafundi waliliita sega, kwa jinsi linavyofanana na la nyuki, na jambo la kwanza walilomfanyia mteja mwenye gari jipya lilikuwa kulikata. Hawakuwa wajinga. Petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, na risasi iliharibu sega mpaka gari likakosa nguvu. Lakini mwaka ule petroli ya risasi ilikuwa imeondolewa. Sababu ilikuwa imekwisha; mkono wa Mjomba ulikuwa bado haujaambiwa.

Jioni niliporudi kutoka kupigisha chapa barua za kuomba kazi, nilimkuta Syombua kwenye ngazi ya jikoni akikohoa, leso mdomoni.

"Gari mpya nayo imeanza kunuka," alisema. "Ama ni mimi niko na shida."

Nilimweleza Mjomba kwa sauti ya chini kwamba petroli haina risasi tena, na kwamba sega ndilo lililokuwa likiusafisha moshi. Alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Nimekata ngapi?" aliuliza, lakini si mimi aliyekuwa akiniuliza.

Alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemuuzia lile kopo. Sega lilikuwa limeshapondwa kwa nyundo, kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo, na kumwagwa guniani pamoja na mengine. Jingine halikupatikana mjini. Baada ya wiki mbili za kukohoa, Syombua alifunga nguo zake. Angeondoka Jumapili.

Ijumaa akaja gereji Mutua, dereva wa teksi, na gari la aina ileile.

"Fundi, toa hiyo kitu. Inanimalizia mafuta."

"Iache, Mutua. Petroli imebadilika. Siku hizi inasaidia."

"Inasaidia mimi, ama watu wako nyuma yangu?"

"Walio nyuma."

Mutua alicheka mpaka akashika boneti. "Mzee, umeanza kuhubiri? Kama umechoka sema tu, niende kwa Wambua hapo ng'ambo."

Mjomba alitazama gereji ya Wambua kwa muda mrefu. Kisha akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Sega alilikata polepole, bila kuligonga hata mara moja. Mutua aliondoka akikanyaga mafuta kwa furaha, na kufikia saa nane sega lilikuwa limechomelewa kwenye gari la Mjomba.

Kesho yake Syombua alisimama nyuma ya gari likinguruma, akavuta pumzi, akangoja kikohozi. Hakikuja.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa mtu asiyelitaka."

"Mtu gani?"

"Mutua wa teksi."

Syombua alimjua. Mutua alishinda sokoni na gari lake kutwa, katikati ya akina mama wenye mboga.

"Basi nitakaa," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Mjomba alizima injini, akabaki ndani, mikono kwenye usukani, mpaka nilipomwita kuja kula.