Siku Bavyaa Alipojitaja Jina

Kwetu mke hataji jina la bavyaa, yaani baba wa mumewe. Sijui kama watu wote wa mto Tana wanafuata hivyo au ni nyumba yetu tu; mimi niliolewa nikakuta hivyo. Bavyaa ni "baba". Mtoto wa kwanza wa kiume naye hupewa jina la babu yake, kwa hiyo mama humwita mwanawe "babu" na maisha yanaendelea. Sikuwahi kuona taabu yoyote hapo mpaka siku ya kumbatiza mwanangu.

Ilikuwa miaka ile wafungwa walipokuwa wakichimba mifereji kule Hola. Kanisa letu, chini kidogo ya Garsen, lilikuwa la udongo na makuti, na mchungaji alitufikia mara moja kwa msimu. Hakuwa mtu wa huku. Mume wangu ndiye aliyekuwa aseme jina, lakini alikuwa ameshuka Kipini kwa mtumbwi kuuza mpunga, na Jumapili ikafika kabla yake. Tukasema haidhuru, twende. Uandikishaji wa serikali wa watoto, kama ulikuwapo, kwetu haukufika. Cheti cha ubatizo ndicho kilichokuwa cheti cha kuzaliwa, na jina lililoandikwa humo ndilo mtoto angekwenda nalo shule, na baadaye kwenye kodi, mpaka kufa kwake.

Nilisimama mbele na mtoto. Kulia kwangu alikuwa mavyaa, mama wa mume wangu. Kushoto msimamizi wa mtoto, ambaye ni mke wa shemeji yangu.

"Jina la mtoto huyu nani?" mchungaji akauliza.

Nikamtazama msimamizi, naye ananitazama mimi. Ndipo nilipoona tulivyofanya: naye ni mke wa nyumba ile ile! Tukamgeukia mavyaa. Mavyaa akajifunika mdomo kwa upindo wa leso. Mke atamtajaje mumewe mbele za watu?

"Mama, jina," mchungaji akasema tena. Nimtendee haki: alikuwa mpole.

"La babu yake," nikasema.

"Babu yake anaitwa nani?"

"Baba."

Watu wakaanza kucheka. Mwanamke mmoja huko nyuma akasema, "Bwana mchungaji, huyo hasemi hata ukimtosa mtoni!" Lakini nao hawakuweza kutusaidia. Wazee wenzake bavyaa walizoea kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, baba fulani, na vijana hawakupata kusikia jingine.

Mchungaji akafunua kitabu chake. "Basi nitampa mimi jina zuri la mtume. Wenzenu wanangoja."

Moyo ukanishuka. Si kwamba majina ya mitume ni mabaya, ndugu zangu wawili wanayo. Lakini bavyaa alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Alikuja kusikia jina lake likipewa mtoto, basi. Wana wake wengine walikuwa wamepata mabinti tu. Ningemtokea vipi na mtoto mwenye jina la mtu mwingine? Labda ningelitaja tu, maana Mungu hakukataza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mdomo ulikataa.

Ndipo bavyaa akaingia, na tope lake miguuni.

"Mbona silisikii? Mmelibadilisha?"

"Hatuwezi kulisema, baba," nikajibu.

Akatutazama wanawake watatu, mmoja mmoja. "Nyote! Na nyumbani hamkulikumbuka hilo?"

"Hatukulikumbuka."

Akamgeukia mchungaji. "Andika. Ni mimi." Akalitaja jina lake kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi kutoka ng'ambo, akaunganisha la baba yake na la babu yake. Mavyaa akaziba masikio.

"Moja latosha, mzee," mchungaji akasema huku akiandika.

"Soma nisikie."

Akasoma. Alikuwa ametanguliza lile la mtume, akafuatisha la bavyaa.

"Huyo wa mbele nani?"

"Mtume, mzee. Mtu wa zamani sana."

"Ni mkubwa kwangu?"

"Kwa umri, ndiyo."

"Basi atangulie."

Kanisa zima likacheka, na mchungaji pia. Maji yakamwagwa, mtoto akalia, bavyaa akanyoosha mikono apewe. Kidole chake kikaenda kwenye yale matone kichwani.

"Yaache, baba, yakauke yenyewe," nikamwambia.

Akayaacha. Tukarudi nyumbani kwa njia ya mashambani, yeye mbele na mtoto begani, sisi wanawake nyuma. Njia nzima alikuwa akimwita jina lake, mara kwa mara, bila sababu, maana katika sisi sote yeye peke yake ndiye aliyeweza.