Nilishafikiri Asubuhi

Ijumaa ile, wiki moja kabla kikosi chetu cha akiba cha jeshi la Marekani hakijapelekwa Iraq, nilikuwa uani kwa kaka yangu, Eden Prairie, Minnesota, nachoma mishkaki. Mkewe, Zuhura, alikuwa akinunua na kuuza mikataba ya ngano kwa simu kwenye soko la nafaka la Minneapolis. Simu ameibana begani, mikono inakata kachumbari. Akasema, "Uza," akarudia vitunguu vyake.

"Shemeji, hata kufikiri hufikiri?"

"Nilishafikiri asubuhi. Kabla sijanunua najiambia, bei ikishuka hadi hapa natoka. Ikifika, natoka. Sibishani na soko. Wewe na vyeo vyako ungeitisha kikao."

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Kule Iraq niliongoza msafara wa malori ya maji, na kila asubuhi, kabla hatujawasha injini, niliwatangazia madereva jambo litakalotugeuza njiani. Dereva mmoja, Mutua, Mkenya wa Eagan, huko huko Minnesota, aliyekuwa akihudumia wazee kabla ya jeshi, hakuniacha: "Boss, leo tuna-reverse wapi?" Nilimpenda sana kwa utani ule.

Siku moja nilisema: maduka ya pale darajani yakiwa yamefungwa, basi wenyeji wamejua kuna bomu, tunageuza.

Yalikuwa yamefungwa.

"Geuzeni," nikasema redioni.

Meja, aliyekuwa kambini, akauliza nina uhakika gani. Nikamjibu sina, ila tumeshageuza.

Katika kugeuza, lori la Mutua likazama mtaroni. Akataka kulinasua.

"Liache!" nikapaza sauti.

Akaruka, akakimbia.

Daraja likalipuka nyuma yetu.

Mchana tulikula sote, na Mutua akalalamika wee kuhusu miwani yake ya jua iliyobaki ndani ya lori.

Aliuawa baadaye, kwenye barabara nyingine. Maduka yalikuwa wazi, watoto wanatupungia mikono. Hakukuwa na dalili hata moja ya kutugeuza. Utaratibu wa Zuhura ulirudisha wenzangu wengi nyumbani, nami namshukuru. Mutua haukumrudisha.

Niliporejea Minnesota nilikwenda Eagan kwa mama yake, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa vitani. Akaniuliza kama siku aliyouawa mwanawe nilichelewa kuamua.

"Hapana, mama. Hapakuwa na la kuamua."

Akanimiminia chai.

"Sasa niambie vile alikuwa anakusumbua."

Nikamweleza yote, hadi habari ya miwani. Tulicheka sana. Katikati ya kicheko akaanza kulia, akaniashiria kwa mkono nisinyamaze, nami nikaendelea kueleza.