Binti yangu anafunga kila siku na nyumba nzima inamsifu

Admin naomba unifichie jina, wifi zangu wamo humu. Nina miaka 38, naishi Mbweni na mume wangu, mama mkwe na binti yetu wa miaka kumi na minne.

Mwaka jana mume wangu aliambiwa apunguze uzito, na mimi pia sikuwa mwembamba. Nikajiunga na darasa la mapishi ya afya la akina mama hapa mtaani, kila Jumamosi, nikamchukua binti yangu awe ananiandikia mapishi kwenye daftari. Tulifundishwa samaki wa kupaka kwa tui jepesi, boga la kuchemsha badala ya chapati, sahani ndogo. Tulipungua kweli, nikawa natamba.

Binti ndiye alinogewa zaidi. Akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, bibi yake akawatangazia majirani. Halafu ikawa kila siku, anasema analipa siku zake za Ramadhani. Nami nilimsifu mbele za wageni, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita tulikuwa na harusi. Alipovua buibui apakwe hina, nikamvisha bangili zangu za usichana. Zilipanda mpaka juu ya kiwiko. Mwanamke aliyekuwa anampaka hina akanitazama.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia, "Kesho utakula mchana. Siku zako zilikuwa sita, ushazimaliza zamani."

"Mama, mie nnafunga sunna."

Mama mkwe akadakia, "Wamkataza mtoto ibada? Utakwenda kumjibu nini Mola wako?" Mume wangu naye akasema, "Mwache, mbona kapendeza."

Jana alianguka bafuni akitawadha. Alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu. Alipokwenda skuli nikafungua daftari la mapishi. Nyuma ameandika futari zake zote. Tende tatu. Tende moja. Siku hizi ni maji tu, na sisi tunakaa naye mkeka mmoja hatuoni.

Mbele kabisa, Jumamosi ya kwanza, ameandika maneno niliyomwambia mwalimu wetu huku nacheka: "Huyu nimemleta mapema, asije akawa kama mimi." Ameyapigia mstari.

Nataka kumpeleka hospitali, lakini humu ndani nitaonekana namtoa mtoto kwenye dini. Naogopa sana. Saa hizi yuko jikoni anatupikia futari, na anapika vizuri kuliko mimi. Nishaurini ndugu zangu, naanzia wapi, na maneno yale nitayafutaje?